Namna ya kuunganisha shamba, diko la samaki na hoteli hapa Zanzibar: mwongozo kamili kwa vikundi vya shehia

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwaka 2020, ule wa korona, wageni walioingia Zanzibar walikuwa kama 260,000, mwaka 2024 wakapindukia 700,000, na sisi wenyewe kwa sensa ya 2022 ni watu 1,889,773 Unguja na Pemba pamoja. Wageni wote hao wanakula, wanapanda gari, wananunua zawadi, wanataka kupelekwa sehemu. Lakini ukisimama Malindi bandarini utaona karoti, kabichi, vitunguu, mbatata na hata tungule (nyanya) zinashuka kutoka bara, zinapakiwa gari, zinapita Kinyasini kando ya mashamba yetu zinakwenda Nungwi, na hapo hapo Kinyasini mkulima kakaa na pakacha lake la bilingani anangoja daladala ya mjini akauze kwa dalali kwa bei atakayoambiwa. Hili linaniuma sana, na ndo maana nimeamua kuandika kwa urefu, sio kulalamika tu bali hatua kwa hatua kikundi cha shehia kifanye nini.

Msimamo wangu mapema kabisa: hoteli hainunui mzigo ulionao, hoteli inanunua ratiba. Shefu anataka kujua leo kwamba Jumanne ijayo saa moja asubuhi kilo 60 za tungule zitakuwa mlangoni kwake, na akishajua hivyo bei ndogo ya dalali haimshughulishi sana. Kwahiyo mkulima, mvuvi, mwenye gari na hoteli lazima wakae meza moja kabla ya mbegu kuingia ardhini. Wengi wetu tunafanya kinyume, tunavuna kwanza alafu tunazunguka na mzigo unaonyauka kwenye mageti ya hoteli, mlinzi anatutizama hata hajui atuelekeze wapi.

Hatua ya 1: Kaeni shehiani kwanza

Msiende hotelini mtu mmoja mmoja. Mtu mmoja hawezi kulisha jiko mwaka mzima, akiumwa wiki moja tu jina limeharibika. Anzeni watu 10 mpaka 30 mnaojuana, sheha awe na habari, na katika huo mkutano wa kwanza andikeni kitu kimoja tu: nani ana nini na lini. Fulani ana robo eka ya bamia, fulani ana kuku wa mayai, fulani ana dau na mashine, kina mama fulani wanasuka ukili, fulani ana kirikuu kimekaa tu asubuhi. Wakulima peke yao hawatoshi kwenye kikundi hichi, mchukueni na mvuvi na mwenye gari tangu mwanzo, maana baadae mkimwita mwenye gari kama mtu wa kukodiwa atakupangieni bei ya petroli kila siku upya.

Chagueni mtu mmoja wa kuongea na hoteli. Mmoja. Awe anapokea simu, anajua kuandika, na hana hasira za haraka. Mara nyingi huyu ni dada aliyemaliza skuli yuko nyumbani, sio lazima awe mwenyekiti mzee. Mwenyekiti ana kazi yake ya kusuluhisha watu.

Hatua ya 2: Nendeni jikoni kabla hamjapanda

Nendeni saa tisa mchana, chakula cha mchana kimekwisha na cha usiku hakijaanza, hapo shefu anaweza kukaa na nyinyi. Ijumaa msiende. Pigeni simu siku moja kabla, na mkifika ulizeni watu wanne, maana kila mmoja anaweza kuwazuia kwa njia yake: shefu anaamua aina na ubora, ofisa manunuzi anaamua bei, mtu wa stoo ndo anapima na kukataa, na mhasibu ndo anaamua lini pesa itatoka. Vikundi vingi vinampenda shefu na kumsahau mhasibu, alafu baada ya miezi miwili wanashangaa hawajalipwa.

Mambo ya kuuliza na kuandika kwenye daftari, sio kukariri kichwani:

- Vyumba vingapi, na miezi gani vinajaa, miezi gani hoteli inafunga au inapunguza wafanyakazi.
- Kwa wiki wanatumia kilo ngapi za kila kitu, na saizi gani wanayoitaka. Tungule ya saladi ni ngumu na ya ukubwa mmoja, ya mchuzi hata iliyoiva sana inafaa.
- Siku gani za kupokea na saa ngapi.
- Wafanyakazi wanakula nini.

Hilo la mwisho watu hawaliulizi na ndo mlango rahisi kuliko yote. Hoteli yenye vyumba 40 inaweza kuwa na wafanyakazi 60 na wote wanalishwa pale. Hawa wanakula mchicha, kisamvu, muhogo, ndizi, maharage, dagaa, samaki wadogo. Hapo hakuna mtu atakayekataa bilingani kwa sababu limepinda. Anzeni na sufuria ya wafanyakazi, fikeni kwa wakati miezi miwili mitatu, mtu wa stoo akuzoeeni, alafu ndo muombe kuingia kwenye menyu ya wageni.

Na kama hamjawahi kabisa, anzeni na nyumba za wageni ndogo za vyumba 10 mpaka 20 pale Jambiani, Paje, Matemwe. Nyingi mwenyewe yupo, anaonja mwenyewe, analipa taslimu.

Ombeni pia na upande wa pili, shefu aje shamba. Akija akaona majimbi, viazi vikuu, mabungo, mastafeli, shokishoki wakati wa msimu wake, akili yake inafunguka. Mbatata hapa kwetu hazistawi vizuri, sasa badala ya kushindana na bara kwa mbatata mwambieni ajaribu chipsi za muhogo au za majimbi, mgeni katoka Italia kuja kula kitu ambacho kwao hakuna. Pweza wa nazi, samaki wa kupaka, juisi ya mabungo, hivi vinaweza kukaa kwenye menyu ya hoteli kubwa bila aibu yoyote, na kila sahani moja ya hivyo ni kilo zilizotoka Unguja na Pemba.

Hatua ya 3: Pigeni hesabu kutoka vyumba mpaka vitalu

Hapa twende taratibu. Tuseme hoteli ina vyumba 40, kwa wastani 70 kwa mia vimejaa, ni vyumba 28, watu wawili wawili, wageni 56 kwa siku. Kila mmoja mayai mawili asubuhi ni 112, weka na ya keki na mikate fanya 120, hizo ni trei 4 kwa siku, trei 28 kwa wiki. Kuku wa mayai 160 wakitaga robo tatu kila siku ndo wanatoa hayo 120. Mtu mmoja mwenye kuku 50 hafiki, lakini wanne wakiungana wanafika na kubaki na ziada kidogo ya siku mbaya.

Tungule: tuseme gramu 150 kwa mgeni kwa siku, saladi na michuzi pamoja, ni kama kilo 8 na nusu kwa siku, kwa wiki kilo 60. Tukichukulia mche mmoja unatoa kilo 2 ndani ya wiki sita za kuvuna, kilo 60 mara wiki 6 ni 360, gawa kwa 2 unapata miche 180. Ongezeni theluthi kwa ajili ya magonjwa, mvua na wadudu, miche 240. Na kila wiki sita kundi jipya la miche lazima lianze kuvunwa, la sivyo mnapata wiki mbili zimejaa na wiki nne kavu, na zile wiki nne hoteli imesharudi kwa mtu wa bara na hatarudi kwenu kirahisi.

Fanyeni hesabu kama hii kwa kila zao kwa namba za hoteli yenu wenyewe, sio hizi zangu. Ikionekana hamuwezi yote chukueni mawili matatu tu. Kikundi kinachopeleka bamia na mayai bila kukosa kinaheshimiwa zaidi ya kinachoahidi vitu kumi na tano.

Hatua ya 4: Pandeni kwa zamu

Mchicha unakatwa ndani ya wiki tatu nne, tango na bamia kama miezi miwili kasoro au kamili, tungule na pilipili boga hesabu miezi mitatu kutoka kitaluni. Chukueni kalenda kubwa ya ukutani, wekeni tarehe ya oda alafu rudini nyuma kuhesabu tarehe ya kupanda, na andikeni jina la mtu juu ya kila tarehe. Sio "kikundi kitapanda", andika nani atapanda. Bwana shamba wa wilaya aje aitizame hiyo kalenda maana yeye anajua ardhi yenu, maweni ya Makunduchi sio sawa na udongo wa Donge au Bambi. Kuna pia UWAMWIMA, jumuiya ya wakulima wa mboga na matunda, na chuo cha kilimo cha Kizimbani kilicho chini ya SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, watu hawa waulizeni mbegu gani inavumilia masika.

Hatua ya 5: Samaki, na hapa kuna mtego wa upepo

Wageni wengi wanakuja Julai na Agosti. Na Julai na Agosti ndo kusi inapiga. Ngalawa ndogo za mashariki, Uroa, Chwaka, Jambiani, haziwezi kutoka kila siku, kwahiyo wakati hoteli imejaa ndo mvuvi wa mbele ya hoteli hana samaki, na shefu anasema wenyeji hawaaminiki. Tatizo ni kuwa hakuna aliyemwambia mapema. Dawa yake ni kikundi cha mashariki kuwa na makubaliano na wavuvi wa diko jingine lililojikinga na kusi, upande wa magharibi, kwamba siku mawimbi yakiwa makubwa wao ndo wajaze oda, na ikifika kaskazi mnarudishiana. Wavuvi wanafahamiana, simu moja usiku inatosha, ila makubaliano ya bei yawe yameshaandikwa.

Pweza ana ratiba yake. Wakati wa bamvua maji yanatoka mbali, kina mama na vijana wanashuka mwambani wanarudi na pweza, maji mafu hakuna kitu. Shefu hajui bamvua. Mpeni karatasi ya mwezi mzima yenye siku za bamvua zimewekwa alama, ataweka pweza kwenye menyu siku hizo na zilizobaki ataweka kitu kingine. Kwenye sehemu wanazofunga miamba kama Kisiwa Panza huko Pemba na Kizimkazi Unguja, wanafunga kama miezi mitatu pweza wakue, na siku ya kufungua wanapatikana wengi kwa mpigo bei inaanguka pale pale ufukweni. Tarehe ya kufungua inajulikana mapema, sasa kwanini hoteli wasiambiwe wiki tatu kabla, waandae friza na oda ziwe tayari? Pweza akigandishwa anakuwa laini zaidi, shefu mwenyewe atakwambieni.

Barafu. Kwa joto letu kilo 1 ya samaki inataka kilo 1 ya barafu, tangu ndani ya chombo sio tangu dikoni. Jodari, nguru na vibua wakikaa kwenye joto wanatengeneza sumu ambayo hata ukipika haitoki, mtu uso unamuiva, mwili unamuwasha, kichwa kinamuuma. Mgeni mmoja akipata hivyo kwenye hoteli moja basi mnaweza kufungiwa milango ya hoteli zote za ukanda. Kikundi kinunue masanduku ya barafu kabla ya kununua kitu kingine chochote, hapo sibadilishi maneno.

Hatua ya 6: Karatasi

Fupi hii. Kikundi kisajiliwe kwa watu wa ushirika wilayani, jina la biashara BPRA (wakala wa usajili wa biashara na mali), namba ya mlipakodi ZRA (mamlaka ya mapato) na risiti za kielektroniki, leseni ya biashara halmashauri au manispaa, akaunti ya benki yenye sahihi za watu watatu. Chakula kilichosindikwa, yaani achari, jemu, asali ya chupa, mafuta ya nazi, kinahitaji kibali cha ZFDA, wakala wa chakula na dawa, na viwango ni ZBS, taasisi ya viwango. Msingoje yote yakamilike ndo muanze, nyumba ndogo za wageni mnaweza kuanza nazo huku karatasi zinaendelea, lakini hoteli kubwa mhasibu wake hawezi kukulipeni bila risiti na namba ya mlipakodi hata akikupendeni vipi.

Hatua ya 7: Gari moja, njia moja

Angalieni ramani ya Unguja. Kinyasini barabara zinaachana, moja Nungwi moja Kiwengwa. Kitogani hivyo hivyo, moja Paje moja Makunduchi. Hizo ni sehemu za kukusanyia zilizotengenezwa na barabara yenyewe. Shehia tatu nne za jirani zilete mizigo hapo alfajiri baada ya sala, ipimwe, ipangwe kwenye makreti ya plastiki, iondoke kabla jua halijawa kali. Magunia acheni, tungule ya chini inafika mchuzi. Kila kreti liwe na karatasi ya jina la mkulima, mzigo mbovu ukirudishwa ajulikane wa nani bila watu kugombana.

Gari likirudi lisirudi tupu, hili nalipenda sana. Jiko la hoteli linatoa maganda ya mboga, matunda, maganda ya mayai, madafu, kila siku, na hoteli inalipa watu kwenda kuyatupa. Nyinyi mnataka mboji. Kubalianeni wayatenganishe jikoni kwenye mapipa yenye mfuniko, bila nyama, bila mafuta, bila plastiki, na gari likishusha mboga lipakie mapipa. Hoteli imepunguza gharama ya taka, mkulima kapunguza gharama ya mbolea, na mwenye gari ana mzigo njia zote mbili hivyo bei yake ya safari inashuka. Makreti wasikae nayo hotelini, hesabuni mnapoleta na mnapoondoka, maana yanapotea kwa kasi kuliko mnavyofikiri.

Hatua ya 8: Bei, malipo, na jaribu la Ramadhani

Hapa ndo vikundi vingi vinavunjikia kwahiyo nisomeni mpaka mwisho.

Bei isiwe ya kila siku na isiwe ya mwaka. Wekeni bei ya miezi mitatu yenye sakafu na dari. Mfano tu, tungule 2,000 kwa kilo, soko la Mwanakwerekwe likishuka vipi hoteli hailipi chini ya 1,500, likipanda vipi nyinyi hamdai zaidi ya 2,800. Kila mwezi mtu wenu na ofisa manunuzi wanatizama bei ya soko pamoja wanasogeza ndani ya hiyo mipaka. Mkulima anapata usingizi na hoteli inapata bajeti.

Malipo: hoteli nyingi kubwa zinalipa baada ya siku 30 tangu invoisi. Sio dhulma, ndo utaratibu wao, lakini mkulima ana mtoto skuli na hawezi kungoja. Hesabuni pesa itakayokuwa imelala. Kilo 60 mara shilingi 2,000 mara wiki 4 ni shilingi 480,000. Trei 28 tuseme za 10,000, mara wiki 4, ni 1,120,000. Jumla 1,600,000 ziko kwa hoteli muda wote, kwa vitu viwili tu. Kama mfuko wa kikundi hauna kitu kama nusu ya hizo msisaini mkataba. Kusanyeni kidogo kidogo, au nendeni ZEEA wanaohusika na uwezeshaji wananchi kiuchumi, au benki ya PBZ ambao wana huduma za Kiislamu kwa wasiotaka riba. Alafu utaratibu uwe: mkulima analipwa nusu ya pesa siku anayoleta, kutoka mfuko wa kikundi, nusu hoteli ikilipa. Na invoisi ipelekwe kila wiki bila kukosa, mkononi kwa mhasibu, asaini nakala mbaki nayo. Invoisi isiyosainiwa huwa haikufika. Nakijua kikundi kilichokaa muda mrefu kinadai na hoteli inasema haijaona karatasi, na kweli hawakuwa na pa kuonesha.

Sasa Ramadhani. Mwezi mtukufu ndizi, muhogo, viazi vikuu vinapanda bei sokoni na kila mtu anajua. Mwanakikundi mwenye ndizi za hoteli anaona Darajani wanatoa bei kubwa, anapeleka kule, hoteli inapewa hadithi. Mimi simlaumu mtu mwenye familia, lakini hoteli ikikosa mara mbili imeondoka. Andikeni mapema kwenye mkataba kwamba mwezi wa Ramadhani kiasi cha ndizi na muhogo kinapungua kwa nusu, hoteli ijipange, na ile nusu nyingine wanachama wauze sokoni kwa furaha zao. Hoteli nyingi zitakubali zikiambiwa miezi mitatu kabla, haziwezi kukubali zikiambiwa alfajiri.

Na kifungu cha upungufu: mzigo ukipungua nyinyi ndo mnajaza kutoka kikundi cha jirani au sokoni kwa gharama zenu, na mnatoa taarifa jana yake. Ujumbe wa WhatsApp mfupi unatosha, kama huu: "Shefu assalaam alaykum, kesho Jumanne tungule ni 55 badala ya 60, mvua imetuharibia, 5 zitakuja Alhamisi inshallah." Mtu anayepata ujumbe huu hakasiriki, anapanga.

Hatua ya 9: Ufukwe ni wa wengi

Kilimo cha mwani kimekuwepo hapa tangu 1989, wakulima wake wengi ni kina mama, na aina mbili za mwani, spinosum na cottonii, zimesomesha watoto wengi wa Paje, Jambiani na Bwejuu. Cottonii ndo yenye bei nzuri lakini maji yakipata joto kali inakufa. Wakati huo huo Paje imekuwa maarufu kwa kaiti, mchezo wa kuteleza juu ya maji ukivutwa na tiara, na mgeni anayejifunza kaiti haoni kamba za mwani, anakata, anaanguka juu ya vigingi anaumia, mama anapoteza kazi ya wiki. Hoteli nayo inalalamika mwani umejaa mbele ya vitanda vyake vya jua.

Hapa sheha, kamati ya uvuvi ya shehia, skuli za kaiti, hoteli na kina mama wakae wakati wa maji kupwa, washuke wote kwa miguu wakaonane na vigingi. Watie maboya ya rangi kwenye pembe za mashamba, waache njia ya vyombo na njia ya kaiti, skuli za kaiti ziwaoneshe wanafunzi mipaka kabla ya kuingia majini, na ielezwe wazi kwamba kamba ikikatwa analipa nani na kiasi gani. Ugomvi unaotatuliwa kwa namba iliyoandikwa hauendi polisi. Hoteli ijue kwamba mama wa mwani ni jirani yake na pia ni bidhaa yake: sabuni za mwani zinazotengenezwa Paje zikiwekwa bafuni kwa kila chumba, mama anapata oda ya kila mwezi badala ya kuuza mwani mkavu kwa kilo.

Hatua ya 10: Matembezi na vitu vya mkono

Mgeni akipelekwa mashamba ya viungo Kizimbani au Kidichi anaona mdalasini, iliki inanukia mkononi, anavishwa taji la majani, anakula wali wa viungo, alafu analipa kampuni ya mjini. Mwenye shamba kapata nini, aliyekwea mnazi kapata nini, mama aliyepika kapata nini? Mgao uandikwe kwa kila kichwa cha mgeni na ulipwe siku hiyo hiyo, isiwe bakshishi. Tuna mifano yetu wenyewe: Jozani sehemu ya kiingilio inarudi kwenye vijiji vinavyozunguka msitu wa kima punju, na Kidike kule Pemba wanakijiji wenyewe wanalinda popo na wageni wanalipa kuwaona. Pale ambapo mwanakijiji anaona pesa ya mti uliosimama, mti unasimama.

Ukili, mikeba, mikoba, mikeka: saizi na rangi zikubaliwe na duka la hoteli kwanza, bei ijulikane na jina la msukaji liandikwe kwenye kikaratasi. Mafundi seremala na watu wa makuti wasisahauliwe, hoteli inajengwa na kukarabatiwa kila mwaka hasa kipindi imefunga, hiyo ni oda kubwa kuliko zawadi.

Wapemba wenzangu

Pemba hoteli ni chache na zimetawanyika, kwahiyo usipange kama Paje. Mboga laini uzeni kwa hoteli za karibu na Kigomasha na nyumba za wageni za Chake, lakini nguvu kubwa wekeni kwenye vitu vinavyovumilia boti: machungwa, ndizi mbichi, viazi vikuu, asali, halua, viungo vilivyokaushwa. Karafuu yenyewe inanunuliwa na ZSTC, shirika la biashara la serikali, hilo linajulikana, ila mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) ya Wawi yana soko kwenye sehemu za kukandia mwili za hoteli za Unguja. Tafuteni kikundi rafiki cha Unguja apokee mzigo bandarini siku hiyo hiyo, maana mzigo wa Pemba unaharibikia Malindi ukingoja mwenyewe kuliko unavyoharibikia baharini. Mpeni huyo rafiki asilimia yake mapema, mwezi wa kwanza.

Kikao cha Machi

Mara moja kwa mwaka hoteli, wakulima, wavuvi, wenye magari na kina mama wa mwani mkae kwa saa tatu na daftari zenu. Mmoja asome oda zilizofika kamili na zilizopungua kwa kila zao, hoteli isome siku ilizochelewa kulipa, mpange namba za msimu unaokuja. Msingoje Mei. Aprili na Mei hoteli nyingi zimefunga au mameneja wako likizo nje, hamtampata mwenye kusaini. Machi wote wapo, na kama Ramadhani imeangukia hapo kaeni baada ya tarawehe. Tungule za mezani Julai mbegu zake lazima ziwe kitaluni Aprili, chini ya paa la nailoni kwa ajili ya masika, na mtu hawezi kununua nailoni bila kujua oda ni kilo ngapi.